Msitu wa Bure, Lakini Si wa Burebure

Mjomba wangu alishusha kioo cha gari, akatazama huku na huko, kisha akaniuliza, "Sasa, mpwa wangu, hapa tunalipia wapi?" Tulikuwa tumeiacha barabara ya lami kilomita kama sita nyuma yetu na kuingia njia ya vumbi ndani ya Msitu wa Taifa wa Coconino, kaskazini mwa jimbo la Arizona nchini Marekani, na mbele yetu palikuwa na kibao chembamba cha rangi ya kahawia chenye namba ya barabara tu. Hapakuwa na geti, kibanda, askari wala kisanduku cha kutumbukizia pesa. Nikamjibu, "Hatulipi popote, mjomba. Tunatafuta mahali panapotufaa, tunasimamisha hema, basi." Alinyamaza kidogo, akasema kwa sauti ya mtu aliyewahi kuletewa deni la kitu alichoambiwa ni zawadi, "Kitu kisicho na mwenyewe huwa na matata yake."

Sikuyapuuza maneno yake, kwa sababu nami nilipofika nchi hii nilichukua muda mrefu kuamini kwamba mtu anaweza kuingia katika ardhi ya serikali, akalala humo siku kadhaa, akatembea atakako, na kuondoka bila kuulizwa na mtu. Katika Kiswahili neno bure lina nyuso mbili. Kitu cha bure ni kile kisicholipiwa, lakini kazi bure ni kazi isiyo na faida, na mtu akiitwa mtu bure ametukanwa. Nimekuwa nikienda kwenye misitu hii kwa miaka kadhaa sasa, na kila ninapokwenda naona wazi zaidi kwamba shida nyingi zinazoipata zinatokana na watu kuzichanganya nyuso hizo mbili: wanadhani kwa kuwa wao hawakulipa, basi hakuna aliyegharimika.

Mwenyewe yupo. Misitu ya taifa ya Marekani iko 154, na ukijumlisha mbuga za nyasi zinazosimamiwa pamoja nayo na Idara ya Misitu, eneo lake linafikia takriban ekari milioni 193, yaani kama kilomita za mraba 780,000, ambalo linaizidi nchi nzima ya Kenya. Wasomaji wengi huichanganya misitu hii na hifadhi za taifa kama Yellowstone au Grand Canyon, na ni rahisi kuichanganya kwa kuwa mara nyingi imepakana nazo. Hifadhi za taifa ziko chini ya wizara nyingine, lengo lake kuu ni kuyatunza mandhari na viumbe kama yalivyo, na nyingi kati yake hutoza kiingilio. Msitu wa taifa uko chini ya Idara ya Misitu, ambayo ni sehemu ya Wizara ya Kilimo, na tangu mwanzo ulikusudiwa utumike: miti ikatwe kwa utaratibu, ng'ombe walishwe kwa kibali, vyanzo vya maji vilindwe. Sheria ya mwaka 1960 ilitaja waziwazi kwamba mapumziko ya watu ni moja ya matumizi hayo, sambamba na malisho, mbao, maji, wanyamapori na samaki. Ndiyo maana ukiwa kambini asubuhi unaweza kuona kundi la ng'ombe likipita taratibu katikati ya misonobari, na ndiyo maana ukikuta lango la uzio limefungwa unalifunga tena ukishapita, na ukilikuta wazi unaliacha wazi. Mfugaji aliyelipia kibali ana haki pale kama wewe.

Katika historia ya misitu hii, jambo linalonigusa kuliko yote ni siku chache za mwaka 1907. Rais alikuwa Theodore Roosevelt, na mkuu wa kwanza wa Idara ya Misitu, iliyoundwa mwaka 1905, alikuwa Gifford Pinchot. Wanasiasa wa majimbo ya magharibi ambao hawakupenda ardhi kubwa ifungiwe na serikali kuu walichomeka, katika muswada wa fedha za kilimo, kifungu cha kumkataza rais kutenga misitu mipya katika majimbo sita bila idhini ya Bunge. Kuukataa muswada ule kungemaanisha kuinyima wizara fedha za kuendeshea kazi, kwa hiyo Roosevelt alijua kwamba atausaini. Lakini alikuwa na siku chache kabla ya kufanya hivyo, na Pinchot na watumishi wake wakazitumia kuchora mipaka juu ya ramani usiku na mchana. Rais akasaini kwanza matangazo yaliyotenga ekari zipatazo milioni 16, ndipo akausaini muswada uliomwondolea mamlaka hayo. Sehemu ya ardhi ambayo leo mtu analala bila kulipa katika majimbo ya Oregon, Washington, Idaho, Montana, Wyoming na Colorado ilipatikana kwa wino uliotangulia wino mwingine kwa siku chache tu.

Hata hivyo singependa kuisimulia habari hii kana kwamba ardhi ilikuwa tupu ikimsubiri Roosevelt. Kutoka tulipopiga kambi, tuliviona vilele vya San Francisco, ambavyo kirefu chake, Humphreys, kina mita 3,851 na ndicho kirefu kuliko vyote katika Arizona. Kwa Wahopi, Wanavajo na mataifa mengine ya wenyeji wa eneo hilo, milima ile ni mitakatifu, na ilikuwa mitakatifu karne nyingi kabla ya kuwako kibao cha kahawia. Nilimweleza mjomba jambo hilo jioni ya kwanza, naye aliyekuwa amekaa kwa kuipa milima mgongo akageuza kiti chake bila kusema neno. Nililipenda tendo lile.

Sasa niseme ni nini hasa kilicho bure, kwa maana si kila kitu. Ndani ya misitu ya taifa kuna kambi zilizojengwa, zenye meza, vyoo na wakati mwingine bomba la maji, na hizo nyingi hutozwa kwa kila usiku. Kuna pia maegesho machache kwenye njia maarufu, kama zile za miamba myekundu karibu na mji wa Sedona, ambapo unahitaji tiketi ya dola chache. Nje ya hapo, isipokuwa pale palipowekwa katazo maalumu, msitu uko wazi, na mtu anaruhusiwa kupiga kambi mbali na kambi zilizojengwa bila malipo na bila kuweka nafasi. Huduma ni sifuri. Hakuna choo, hakuna maji, hakuna pipa la taka, hakuna atakayekuja kuuliza kama umelala salama. Muda wa kukaa mahali pamoja, katika misitu mingi, ni siku 14, halafu unatakiwa uhame. Wahenga wetu walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Msitu umekuwa mkarimu kuliko wahenga kwa siku, ila jembe lake unalishika tangu saa ya kwanza.

Kifaa cha kwanza ninachomhimiza kila mtu akitafute, kabla hata ya hema, ni ramani. Si ramani ya simu, ambayo itakuonyesha kila mchirizi wa vumbi kama barabara halali, bali ramani ya magari inayotolewa na Idara ya Misitu yenyewe kwa kila msitu, ambayo haiuzwi na inapatikana kwenye ofisi zao na mtandaoni. Ni ramani isiyovutia: nyeusi na nyeupe, mistari na namba, bila rangi ya milima wala picha. Lakini ndiyo inayoeleza ni barabara zipi gari linaruhusiwa kupita, katika miezi ipi, na ni kandokando ya barabara zipi unaweza kutoka na gari ili upige kambi, na kwa umbali gani. Katika baadhi ya maeneo umbali huo ni futi 30 tu, yaani mita tisa, na kwingine ni futi 300. Dereva hawezi kujitetea kwamba hakuona kibao, kwa sababu ramani ile ndiyo sheria, kibao kiwepo kisiwepo. Watu hulalamika kwamba ni ukali, lakini mtu akiona jinsi magurudumu ya gari moja yanavyoweza kuacha makovu kwenye uwanda wa nyasi laini, makovu yatakayoonekana kwa miaka, ataelewa sababu yake.

Mimi niliielewa kwa njia ngumu. Safari yangu ya kwanza niliifanya mwezi wa Julai, na sikujua kwamba Julai na Agosti katika nyanda hizi ni majira ya mvua za radi zinazojikusanya mchana na kumwagika alasiri. Nilifuata simu mpaka mtandao ulipokatika, nikafuata njia mpaka ilipofifia, nikasimamisha hema katika bonde dogo lenye nyasi, kwa kuwa palikuwa tambarare na pamekingwa upepo. Saa kumi alasiri anga iligeuka rangi ya risasi. Mvua iliyonyesha haikuzidi saa moja, lakini maji ya mteremko wote yaliamua kupita pale pale nilipolala, na nilipoweka kiganja juu ya sakafu ya hema niliyasikia yakitembea chini yake kama kitu chenye uhai. Kulipokucha nilijaribu kuondoka. Udongo wa pale, ukikauka, ni mgumu kama saruji. Ukilowa unashika tairi mpaka kashata zake zinazibika kabisa, na gurudumu linabaki kuzunguka kama sahani. Nilikaa na gari lile mpaka saa saba mchana, ambapo alitokea mzee mmoja aliyekuwa akitafuta kuni kwa kibali chake, akafunga mnyororo, akanivuta polepole bila kunilaumu. Kabla hajaondoka alinionyesha mfereji nilioukata kwa magurudumu yangu na kuniambia niufukie. Nikaufukia kwa sufuria, kwa sababu koleo sikuwa nalo.

Tangu siku ile sipigi kambi bila kwanza kutembea eneo lote kwa miguu kwa muda wa kama robo saa. Natafuta ardhi iliyoinuka kidogo, ngumu, isiyo na majani mabichi, na kama wenzangu waliotangulia walikwisha kulala mahali fulani na kuacha duara la mawe ya moto, nachukua pale pale badala ya kuua nyasi za mahali papya. Natazama juu pia. Msonobari mkavu uliosimama, hata usio mnene, unaweza kuangusha tawi usiku usio na upepo wowote, na hema halizuii tawi. Mbali na hapo kuna suala la maji, ambalo katika msitu wa Coconino lina uzito wa pekee kwa kuwa mito inayotiririka mwaka mzima ni michache mno. Kanuni ya kawaida ni kukaa angalau futi 200, yaani mita 60 hivi, kutoka kwenye kijito au ziwa. Sheria ya jimbo la Arizona inakwenda mbali zaidi: hairuhusu mtu kupiga kambi ndani ya robo maili, yaani mita 400, ya dimbwi au birika kwa namna inayowazuia wanyama au mifugo kuyafikia maji. Ukiwaza kwamba mnyama ametembea usiku kucha kutafuta dimbwi lile, akafika na kukuta taa na redio, huhitaji sheria kukueleza zaidi.

Maji ya kunywa tunayabeba kutoka mjini, lita nne kwa kila mtu kwa kila siku, na tunaongeza siku moja zaidi ya tunazokusudia kukaa. Panapokuwa na kijito, maji yake yachemshwe hata kama yanang'aa kama kioo, kwa kuwa kijidudu kinachoitwa giardia hakionekani kwa macho na kitakuharibia wiki tatu. Kuchemsha maana yake ni yatokote dakika moja kamili, na ukiwa juu ya mita 2,000, ambapo maji hutokota kwa joto dogo zaidi, dakika tatu. Flagstaff, mji ulio karibu na msitu huu, wenyewe uko mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo sisi tulihesabu tatu.

Kuhusu choo nitasema wazi, maana ni jambo ambalo waandishi wengi huliruka kwa haya na ndilo linaloharibu maeneo mazuri kuliko jingine lolote. Unachukua koleo dogo la bustani, unakwenda hatua sabini au zaidi kutoka kambini, kutoka njiani na kutoka kwenye maji, unachimba shimo la kina cha sentimita 15 hadi 20, kwa kuwa tabaka hilo la udongo ndilo lenye vijidudu vinavyoozesha, na ukimaliza unalifukia na kuliziba. Karatasi unaitia katika mfuko na kurudi nayo nyumbani. Katika nchi kavu kama Arizona karatasi haiozi upesi, na mbweha na panya huifukua. Nimewahi kufika mahali penye mandhari ya kumtoa mtu machozi na kukuta kila nyuma ya mti kuna karatasi nyeupe. Waliofanya vile hawakuwa watu wabaya. Walikuwa watu waliodhani kuna mtu atapita kufagia. Idara ina watumishi wachache kwa eneo kubwa kiasi hicho, na mfagizi wa mahali pale alikuwa wao wenyewe.

Tulikwenda na mjomba wiki ya mwisho ya Septemba, na niliichagua kwa makusudi. Mei na Juni ndiyo miezi mikavu, ambapo mara nyingi idara hupiga marufuku moto wa kuni kabisa, na pengine hata kufunga sehemu za msitu. Mvua za Julai na Agosti zikishapita, katazo kwa kawaida huondolewa, mbu hupungua, na majani ya miti ya aspeni kwenye miteremko ya juu huanza kugeuka manjano. Hata hivyo nilipiga simu ofisi ya wilaya ya msitu siku moja kabla, nikauliza hali ya moto, kwa maana amri hizi hubadilika na mtu hawezi kuzikisia kwa kutazama anga.

Mjomba ndiye aliyewasha moto. Alikataa majani makavu niliyomkusanyia, akavunja vijiti vilivyolala chini, kwa kuwa kukata mti uliosimama hakuruhusiwi, akavipanga kwa unene kama mtu anayepanga penseli, na kiberiti kimoja kikatosha. Kuni hatukuja nazo kutoka mbali. Wengi hawajui kwamba gogo moja lililosafirishwa linaweza kubeba wadudu wanaoua misitu. Yule mbawakawa wa kijani anayeangamiza miti aina ya ash, aliyegunduliwa Michigan mwaka 2002, ameenea katika majimbo mengi, na kuni za wapiga kambi zimekuwa moja ya njia zake.

Tulipokuwa tukiota moto nilimweleza habari ya mwaka 2011. Mwishoni mwa Mei mwaka huo, katika Msitu wa Taifa wa Apache-Sitgreaves, mashariki mwa jimbo hili hili, watu wawili waliacha moto wa kambi wakidhani umezimika. Upepo ukauamsha. Moto ule, unaoitwa Wallow, uliunguza ekari zipatazo 538,000, eneo kubwa kuliko kisiwa kizima cha Unguja, na ndio moto mkubwa kuliko yote katika kumbukumbu za Arizona. Mjomba aliniuliza mara mbili kama nina hakika ulikuwa ni moto wa kambi tu, wa kupikia chai kama wetu. Nikamwambia ndiyo. Akausogeza ule wetu kwa fimbo mpaka ukawa mdogo.

Usiku ule baridi ilishuka karibu na nyuzi sifuri, na hapo ndipo nilipomshukuru mke wangu aliyemfungashia mjomba sweta la pili. Chakula chote tulikifungia ndani ya gari, pamoja na dawa ya meno na sabuni, kwa kuwa dubu weusi wapo katika misitu hii na pua zao hazitofautishi biskuti na dawa ya meno. Katika misitu ya kaskazini, kwenye dubu wakubwa wa kahawia, baadhi ya maeneo huamuru kwa sheria kila kambi iwe na vyombo maalumu visivyofunguliwa na dubu, na anayekwenda huko aulize mapema. Sisi hatukumwona dubu. Tulichosikia, yapata saa tisa usiku, kilikuwa sauti niliyoshindwa kumweleza mjomba kabla hajaisikia: inaanza chini kama mlango unaokwaruza, inapanda ikawa filimbi nyembamba, kisha inakatika na kufuatiwa na mikoromo mizito. Ni dume la elki, kulungu mkubwa wa huku, ambaye Septemba huwaita majike na kuwatisha wenzake. Alikuwa karibu kiasi kwamba tulisikia kwato zake zikivunja vijiti. Mjomba aliniita kwa kunong'ona kutoka upande wake wa hema, "Unasikia, mpwa wangu?" Nikasema, "Nasikia, mjomba." Hatukusema tena neno, na mnyama yule aliendelea kwa karibu nusu saa.

Tulipotoka nje baadaye kwa haja ndogo, mjomba alisimama akiinamisha kichwa nyuma. Flagstaff ulikuwa mji wa kwanza duniani, mwaka 2001, kutambuliwa kimataifa kwa kulilinda giza la usiku wake. Taa zake za barabarani zimefunikwa na kuelekezwa chini ili wanaastronomia wake waendelee na kazi. Kwa hiyo hata karibu na mji wenye makumi ya maelfu ya watu, kilimia na njia ya maziwa vinaonekana kama vinavyoonekana baharini. Alizitaja nyota chache kwa majina niliyokuwa nimeyasahau tangu utotoni.

Mchana tulikuwa tukitembea tu. Mtu anaweza kufanya mengi katika misitu hii, kuendesha baiskeli, kukwea miamba, kuvua samaki kwa leseni ya jimbo, kuwinda kwa kibali. Na kwa sababu ya wawindaji hao, vuli tunavaa kitu cha rangi ya chungwa kali ili mtu asitudhanie ni kulungu. Lakini furaha yangu kubwa ni kutembea bila haraka katika misonobari mikubwa inayoitwa ponderosa. Ikiwa michanga, gome lake ni jeusi. Ikishafikia miaka mia moja hivi na kuendelea, gome hugeuka rangi ya mdalasini na kupasuka vipande vipana kama vya fumbo la kupangwa. Nilimwambia mjomba aweke pua ndani ya ufa mmoja ulioangaziwa na jua. Alisita, akavua kofia, akaegemeza shavu kwenye gome, akavuta pumzi. "Vanila," akasema. Akavuta tena. "Hapana, sukari inayoanza kuungua." Ni kweli, watu hugawanyika katika hilo, na kila mti una jibu lake kidogo. Juu yetu kindi mwenye masikio yenye vishungi alikuwa akikata vichipukizi na kuviangusha kimoja kimoja, na mjomba alikaa chini ya mti ule, nguo zake zikijaa sindano za msonobari, kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kumwona akikaa mahali popote bila kazi mkononi.

Siku ya nne asubuhi tulifungasha. Nilimwaga ndoo ya maji juu ya makaa, moshi mweupe ukapanda, nikadhani nimemaliza. Mjomba aliniambia nilete ndoo nyingine. Akachukua fimbo, akakoroga majivu mpaka yakawa uji, akayageuza mawe yaliyozunguka moto na kuyamwagia upande wa ndani, ambao bado ulitoa mvuke. Kisha akapiga magoti na kuuingiza mgongo wa mkono wake ndani ya majivu yale, akauacha humo akihesabu kwa sauti ya chini. Alipofika ishirini aliutoa, akausogeza hatua moja, akauingiza tena upande wa pili. Akasema, "Huku bado." Tukarudi kwenye gari kuchukua maji tuliyokuwa tumeyatunza ya njiani.